Ngozi Iliyopigwa na Jua na Kuzeeka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwanza kwa mtu mweusi au wa maji ya kunde anayeishi Afrika Mashariki, kwa sababu ushauri mwingi uliopo kuhusu jua na ngozi uliandikwa kwa Wazungu, na ukiufuata ulivyo unaweza kuhangaika na kisichokuhusu na kukiacha kinachokuhusu. Mwenye ualbino aanze na swali la 17. Kwake mambo mengi yanabadilika.

## Mambo ya msingi

1. Mimi ni mweusi. Kweli jua linaweza kunizeesha?

Linaweza, ila polepole na kwa sura nyingine. Melanini, yaani ile rangi yenyewe ya ngozi, huzuia sehemu kubwa ya miale. Vipimo vilivyofanywa miaka ya 1970 vilikadiria kuwa ngozi nyeusi ina kinga inayokaribia losheni ya SPF 13 (SPF ni kipimo cha nguvu ya losheni ya jua), na ya Mzungu SPF 3 na ushei. Ndiyo maana mtu wa pwani wa miaka 45 anaweza kuwa na uso usio na mkunjo, wakati mtalii wa umri wake aliyekaa naye ufukweni ana shingo iliyochanikachanika mistari.

Kwetu jua huanza na rangi kabla ya makunyanzi: mabaka mashavuni, paji la uso jeusi kuliko kidevu, weusi chini ya macho, madoa ya chunusi yasiyotaka kufutika. Makunyanzi na kulegea huja baadaye, mara nyingi baada ya miaka 50.

2. Nitajuaje kipi ni uzee na kipi ni jua?

Linganisha ngozi ya uso na ya sehemu isiyoona jua, kwa mfano upande wa ndani wa mkono, karibu na kwapa. Hiyo ya ndani ina umri uleule. Ikiwa imekuwa nyembamba, kavu na imelegea kidogo, huo ni uzee. Tofauti utakayoiona usoni, shingoni na mgongoni mwa viganja ndiyo kazi ya jua: rangi isiyolingana, ngozi iliyokakamaa, mikunjo mirefu nyuma ya shingo kama ile ya mkulima au mvuvi wa siku nyingi.

Madereva wa magari makubwa ni mfano mzuri. Huku kwetu Tanzania, Kenya na Uganda usukani uko kulia, na shavu la kulia ndilo linalotangulia kuchakaa. Kioo cha dirisha huzuia miale ya UVB inayochoma, lakini hupitisha sehemu kubwa ya UVA, nayo ndiyo inayozama ndani na kulegeza nyuzi zinazoshika ngozi.

3. Kukiwa na mawingu au baridi kuna haja ya kujikinga?

Ipo. Ubaridi wa Njombe, Mbeya au Limuru haupunguzi miale. Kinyume chake, miale huongezeka kwa asilimia 10 hivi kila unapopanda mita 1,000. Mawingu mepesi nayo hupitisha sehemu kubwa. Kipimo cha bure ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe mwenyewe, jua ni kali. Karibu na ikweta hiyo ni takriban kuanzia saa 3 na nusu asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri.

## Hiki nilichonacho ni nini?

4. Nina vijipele vidogo vyeusi mashavuni na pembeni mwa macho, kila mwaka vinazidi. Ni jua?

Kwa kiasi kikubwa, hapana. Ni vinyama visivyo na madhara vinavyorithiwa. Muulize mama au shangazi na huenda naye anavyo. Vinaanza ujanani na kuongezeka kwa umri. Havigeuki saratani na haviambukizi.

Kuviondoa ni suala la urembo tu. Daktari wa ngozi huvikata kwa mkasi mdogo au huvichoma kwa umeme mdogo sana. Usikubali kuchomwa kwa asidi saluni, kwa sababu wengi hutoka na madoa meupe au makovu mahali palipokuwa na kijipele ambacho hakuna aliyekuwa anakiona.

5. Nimetokwa na vidoa vyeupe miguuni na mikononi, vidogo kama punje ya mtama. Ni fangasi? Ni ukoma?

Mara nyingi si kimoja wala kingine. Baada ya miaka 40 watu wengi hupata vidoa vya namna hii kwenye muundi na mkono wa chini, vya mviringo, laini, visivyowasha. Ni seli za rangi zilizopungua kwa umri na jua. Watu humaliza hela kwa krimu za fangasi, na vidoa vikabaki palepale.

Ila fanya jaribio moja. Funga macho, mtu akuguse vidoa hivyo kwa ncha ya pamba: doa lenye ganzi, usilohisi pamba juu yake, lipeleke kituo cha afya upesi, maana ukoma unatibika kabisa ukiwahiwa na dawa zake hutolewa bure. Doa jeupe pe linalopanuka na kuungana na mengine laweza kuwa mbalanga, nayo ni habari nyingine ya kuonana na daktari.

6. Mabaka ya kahawia mashavuni na juu ya mdomo yametokea nilipokuwa mjamzito na hayajaondoka.

Hiyo ni melasma. Homoni huiwasha, iwe za ujauzito au za vidonge vya uzazi wa mpango, na jua huilisha. Baada ya kujifungua kwa wengine hufifia yenyewe ndani ya mwaka, kwa wengine hukaa miaka.

Jambo ambalo wauzaji wa krimu hawalisemi ni kwamba melasma hurudi. Dawa inaweza kuipunguza sana, lakini ukiacha kinga wiki chache za jua kali hurudisha kazi ya miezi. Mtu asiyeweza au asiyetaka kujikinga kila siku ni bora asianze matibabu ghali. Tazama swali la 8 na la 13.

7. Dalili zipi si za urembo bali za hospitali?

Nenda ukiona mojawapo ya hizi:

- kidonda kisichopona kwa zaidi ya mwezi, au kinachopona na kufunguka tena;
- ganda gumu au ukwaruzo usioisha kwenye mdomo wa chini;
- kovu la zamani la moto, au kidonda sugu cha mguu, kilichoanza kuota nyama;
- doa jeusi jipya kwenye unyayo, kiganja, au mstari mweusi chini ya ukucha unaopanuka.

Hizo mbili za mwisho hazitokani na jua, lakini nimeziweka kwa sababu ndizo saratani za ngozi zinazomhusu zaidi mtu mweusi, na ndizo zinazochelewa kuonekana. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Mtu akikagua uso wake kila siku kwenye kioo asisahau kutazama nyayo.

## Kinga

8. Ni lazima nipake losheni ya jua kila siku?

Inategemea unatafuta nini. Kama ngozi yako ni nyeusi, huna mabaka, na kutwa uko ofisini au dukani, kivuli na nguo vinatosha. Sioni sababu ya kumwambia mama ntilie atoe hela ya unga akanunue losheni. Kofia ya pama, mwavuli, mtandio, shati la mikono mirefu: hivi hufanya kazi kubwa kuliko chupa yoyote, na havihitaji kupakwa upya kila saa mbili.

Kama una melasma, madoa ya chunusi, au unatumia dawa yoyote ya swali la 12, basi ndiyo, kila siku. Na kwa mabaka tafuta losheni yenye rangi, ile inayofanana na poda ya majimaji. Mabaka ya ngozi nyeusi huchochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana, si miale ya UV (UVA na UVB) peke yake, na losheni nyeupe ya kawaida haiuzuii. Oksidi ya chuma inayoipa losheni rangi ndiyo inayouzuia.

9. SPF ngapi, na nipake kiasi gani?

SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya UVB, SPF 50 asilimia 98. Tofauti ni ndogo, usilipe bei mara mbili kwa ajili yake. Muhimu zaidi ni maandishi yanayoonyesha kuwa inakinga UVA pia.

Kosa kubwa liko kwenye kiasi. Uso na shingo vinahitaji mstari wa losheni unaojaza urefu wa vidole viwili, na mwili mzima mililita 30 hivi. Chupa ya mililita 50 unayoipaka usoni kila siku ikikufikisha miezi sita, ujue unajipaka robo ya kinachotakiwa. Ukiwa nje, rudia kila saa mbili, na kila utokapo kwenye maji.

10. Losheni inanifanya niwe kama nimepakwa majivu.

Ni zile za zinki na titani. Jaribu yenye rangi ya ngozi yako, au ya majimaji isiyo na madini hayo. Jipake kwanza kidogo upande wa taya, toka nje ujitazame kwenye mwanga wa jua kabla ya kununua chupa nzima.

11. Je, liwa, mafuta ya nazi au ndimu vinasaidia?

Liwa hupoza ngozi na kunukia vizuri, na mtu anayeipenda aendelee nayo jioni. Si kinga ya jua ya kutegemea. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa ukavu, na ukavu ndio nusu ya uzee wa ngozi, lakini kinga yake dhidi ya miale ni ndogo mno.

Ndimu na limau, acha kabisa. Maji yake yakikaa kwenye ngozi kisha jua likayapiga, huunguza: malengelenge kwanza, halafu weusi unaodumu wiki au miezi. Anayejipaka ndimu ili atakate hupata kinyume chake. Hata anayekamua ndimu juani kwenye kibanda cha miwa anatakiwa kunawa mikono.

## Kutibu au kuacha?

12. Nikiamua kutibu, kipi kinafanya kazi kweli?

Krimu yenye ushahidi wa muda mrefu zaidi ni tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A. Tangu miaka ya 1980 imepimwa kwa ngozi iliyochakazwa na jua, na kweli hupunguza mistari midogo, hulainisha na kusawazisha rangi. Hufanya hivyo taratibu: hesabu miezi mitatu hadi sita kabla ya kuona tofauti ya maana.

Wiki za mwanzo huleta ukavu, kubanduka na muwasho. Kwa ngozi nyeusi hapo ndipo penye hatari, kwa sababu muwasho wenyewe huacha weusi mpya. Anza na nguvu ya chini, asilimia 0.025, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku mbili au tatu kwa wiki, na mafuta ya kulainisha juu yake. Mjamzito na anayetafuta mimba wasiitumie.

Asidi ya azelaiki ni mbadala mpole kwa mabaka na madoa ya chunusi, na inafaa hata wakati wa ujauzito. Serumu za vitamini C zina faida ndogo, bei yake mara nyingi si ndogo.

13. Nitaamuaje kama inafaa kutibu au niache?

Jiulize kwa mpangilio huu. Je, kuna dalili ya swali la 7? Kama ipo, hakuna cha kuamua, nenda. Kama haipo, je, jambo hili linanisumbua mimi, au limemsumbua mtu mwingine aliyenitazama? Wengi wanaofika kwa daktari wamesukumwa na neno la mume, wifi au picha ya harusi iliyopigwa na simu kali. Hiyo si sababu mbaya, lakini ijue ni ya nani.

Kisha hesabu ya mwisho: naweza kujikinga na kuendelea na gharama kwa mwaka mzima? Matibabu ya ngozi iliyopigwa na jua hayana siku ya kumaliza. Mtu mwenye hela ya miezi miwili tu hufaidika zaidi akiitia kwenye pama nzuri, sabuni isiyokausha na mafuta ya kawaida. Ngozi isiyoongezewa jua hujirekebisha kiasi hata bila dawa. Kuacha, kwa madoa yasiyo na hatari, ni uamuzi kamili wa kitabibu, wala si uzembe.

14. Vipi leza, kubandua ngozi kwa asidi na sindano za usoni?

Leza nyingi zilitengenezwa zikiwa na ngozi nyeupe akilini. Mwanga wake hufuata rangi, na kwenye ngozi nyeusi rangi iko kila mahali, hivyo mashine isiyofaa huunguza. Iliyo salama zaidi kwetu ni Nd:YAG yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 1,064. Zile mashine za mwanga mkali zinazotangazwa kuwa ni "leza" kwa bei ya ofa ziogope.

Kubandua kwa asidi nyepesi kunaweza kusaidia mabaka kukifanywa na mjuzi; kubandua kwa kina hakumfai mtu mweusi. Sindano za kulegeza misuli hupunguza makunyanzi ya paji kwa miezi mitatu au minne, lakini hazigusi rangi, na kwetu rangi ndiyo tatizo kubwa. Mwenye historia ya keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua, aiseme kabla ya kuguswa na chochote.

Muulize anayekutibu: amewahi kutibu ngozi nyeusi kama yangu, na anaweza kunijaribia sehemu ndogo nyuma ya sikio kwanza? Akichukia swali, umepata jibu.

15. Dukani kuna krimu inayoondoa mabaka kwa siku saba. Je?

Kinachong'arisha kwa siku saba karibu siku zote ni steroidi kali, haidrokwinoni nyingi au zebaki, yaani mkorogo wenye kopo zuri. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, lakini sokoni vinapatikana.

Ubaya wake kwa mtu anayekimbia uzee ni kwamba vinauleta. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, mishipa ionekane, vidonda vichelewe kupona. Ukiondoa melanini umejivua kinga ya swali la 1, na jua linaingia bila kupiga hodi. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka mingi huleta weusi wa kibuluu usoni, kwenye mashavu hasa, ambao ni mgumu mno kuutoa. Zebaki huharibu figo, na huweza kuwafikia hata watoto wa nyumba hiyo kupitia taulo na mashuka. Kwenye kopo hutajwa kama calomel, mercurio au Hg, pengine haitajwi.

Daktari anaweza kuandika haidrokwinoni kwa kipimo, kwa miezi michache, akikufuatilia. Hiyo ni dawa; ile ya kopo lisilo na kipimo siyo.

16. Nimetumia mkorogo miaka mingi, nataka kuacha. Nikiacha nawaka uso wote.

Kuwaka huko ni ngozi iliyozoea steroidi ikidai. Hudumu wiki, pengine miezi, na wengi hurudi kwenye kopo hapo hapo. Usikate ghafla kama umepaka mwili mzima kwa miaka, kwa sababu mwili wenyewe unaweza kuwa umepunguza kutengeneza homoni zake. Mwone daktari, mwambie ukweli wote, na ubebe makopo yenyewe. Rangi yako itarudi, mara nyingi ikiwa na mabaka mwanzoni. Jikinge na jua kipindi hicho kuliko wakati mwingine wowote.

## Hali za pekee

17. Nina ualbino, au mwanangu anao. Kipi kinabadilika?

Karibu kila kitu. Hapa jua si suala la uzuri. Bila melanini, ngozi huanza kuharibika utotoni, na saratani inaweza kumpata mtu kijana. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watu wengi wenye ualbino, takriban mmoja katika kila watu 1,400.

Losheni ni ya kila siku bila kujadili, pamoja na mikono mirefu, sketi au suruali ndefu, kofia inayofunika masikio na shingo, na miwani. Shuleni mtoto akae mbali na dirisha la jua na michezo iwe asubuhi mapema au jioni. Losheni ya Kilisun, iliyoanzia kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mahususi kwa watu wenye ualbino. Kenya nako serikali hugawa losheni kwa waliosajiliwa. Ulizia ofisi ya watu wenye ulemavu ya kaunti yako.

Ngozi ikaguliwe kila miezi sita. Mikwaruzo inayoshikika kama msasa masikioni, mdomoni au mgongoni mwa mikono hutibiwa kirahisi ikiwa changa: kugandishwa kwa baridi kali, au krimu ya fluorourasili kwa wiki mbili hadi nne. Krimu hiyo hufanya uso uwe mwekundu na wenye magamba. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kufanya, usiiache katikati kwa hofu.

18. Natumia dawa za presha. Inahusiana na ngozi?

Inaweza. Haidroklorothiazaidi, kidonge cha presha cha kawaida, huifanya ngozi iwe nyepesi kuungua, na matumizi ya miaka mingi yamehusishwa na saratani za ngozi kwa watu weupe. Doksisaiklini na Septrini, ambazo ni antibiotiki, nazo huongeza kuungua. Usiache dawa ya presha kwa sababu hii, kiharusi hakisubiri. Mwambie daktari kama una ualbino au unaungua upesi, akubadilishie.

19. Nina kijinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho.

Jua, upepo na vumbi hukileta. Wavuvi na bodaboda wanakijua. Kikiwa kidogo, miwani ya jua na matone ya kulainisha vinatosha. Kikielekea kwenye mboni, au kikikua haraka, nenda kliniki ya macho, hasa kama unaishi na VVU, kwa sababu saratani ya hapo hufanana nacho mwanzoni.

20. Naishi Ulaya. Nikijikinga si nitakosa vitamini D?

Ngozi nyeusi huitengeneza polepole, na wakati wa baridi kule jua halitoshi hata usipojikinga. Tumia vidonge kwa kipimo cha daktari. Vivyo hivyo kwa anayejifunika mwili mzima huko Ghuba.

21. Mama yetu ana miaka 82, uso umejaa madoa. Wajukuu wanataka tumpeleke akasafishwe.

Muulizeni yeye. Ngozi ya umri huo huchubuka na kupona kwa shida, na tretinoini au kubanduliwa kutampa muwasho kuliko faida. Kinachomfaa ni mafuta mazito mara mbili kwa siku, maji ya uvuguvugu badala ya moto, na mtu wa kumtazama mgongoni, kichwani na nyayoni mara moja kwa mwezi kwa dalili za swali la 7. Ikipatikana mojawapo, umri usiwe sababu ya kumwacha nyumbani: saratani ndogo ya ngozi hukatwa kwa ganzi ya sehemu tu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo.